Uzi: KAR kati ya Vita Kuu mbili (1919–1939), na akiba ya askari iliyokaa vijijini

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapotajwa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la askari Waafrika la Uingereza huku Afrika Mashariki, au Keya kama wazee wetu walivyozoea kuiita, mazungumzo hukimbilia ama vita vya 1914 hadi 1918 ama Burma katika Vita Kuu ya pili. Miaka ishirini iliyo katikati hurukwa, kana kwamba askari wale walilala usingizi tangu von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipoweka silaha chini Abercorn (Mbala, Zambia ya leo) tarehe 25 Novemba 1918 hadi Italia ilipoingia vitani Juni 1940. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini miaka hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi Uingereza ilitaka jeshi la namna gani Afrika Mashariki, nani alilipia, na akiba yake ilikuwa wapi hasa. Rai yangu naitoa mapema ili anayetaka kuipinga asisubiri: akiba ya kweli ya KAR ilikuwa vijijini, kwa watu waliokwisha kurudisha bunduki na kwenda makwao, na dola iliyowategemea watu hao iliwagharamia kidogo mno.

KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vya awali, cha Afrika ya Kati, cha Afrika Mashariki na cha Uganda. Ilipofika Agosti 1914 ilikuwa na batalioni tatu tu, yaani vikosi vya askari mia kadhaa kila kimoja, zilizotawanyika kuanzia Nyasaland (Malawi ya leo) hadi upande wa Jubaland (kusini mwa Somalia ya leo), kwa kuwa nyingine zilikuwa zimevunjwa miaka michache nyuma ili kubana matumizi. Batalioni ya 6, iliyokuwa Somaliland, ilivunjwa 1910, na ya 2, yenye watu wa Nyasaland, ikavunjwa 1911. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia akiba: baadhi ya askari wa batalioni ya 2, walipojikuta hawana kazi na ufundi wao ni mmoja tu, walivuka mpaka wakajiandikisha kwa Wajerumani, na miaka mitatu baadaye walikuwa upande wa pili wa mtutu. Hapo ndipo serikali za makoloni zilipoanza kuhangaika kuwatafuta na kuwarudisha watu wale wale ambazo zenyewe zilikuwa zimewaachisha.

Hadi vita vinakwisha, batalioni tatu zilikuwa zimekuwa 22, na askari walikuwa kiasi cha 35,000. Zaidi ya 3,000 walikufa kwa maradhi peke yake, mbali na waliouawa na kujeruhiwa kwa risasi. Wapagazi ndio walioteketea zaidi, kwani hata kwa hesabu za Waingereza wenyewe waliokufa walikaribia 100,000, na watafiti wengi wanaamini idadi halisi ilipita hapo. Ninawataja wapagazi mapema kwa sababu walipewa jina la watu wa kazi, hawakuhesabiwa kuwa askari, na jina hilo ndilo lililoamua wangelipwa nini na wangekumbukwa namna gani baadaye.

Kisha ukaja upunguzaji. Katika muda mfupi jeshi lile la batalioni 22 likarudishwa hadi batalioni sita. Askari alirudisha bunduki yake, akapokea malipo yake ya mwisho, akapewa njia ya kurudi kwao, na kitabu chake kikafungwa. Batalioni ya 1 ilibaki Nyasaland, makao yake yakiwa Zomba. Ya 3 na ya 5 zikawa za Kenya. Ya 4 ikakaa Bombo, Uganda. Na Tanganyika, koloni la Wajerumani lililokuwa limegeuzwa jina, ikapewa ya 2, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Tabora, na ya 6, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Hiyo batalioni ya 6 inastahili kutazamwa kwa karibu. Iliundwa upya 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, na watu wake wa mwanzo walikuwa askari wa Wajerumani waliotekwa au waliojisalimisha. Yaani mtu aliyefundishwa gwaride kwa amri za Kijerumani, akapigana na Waingereza Tanga au Kilimanjaro, alijikuta mwaka mmoja au miwili baadaye amevaa kofia ya KAR na analinda bendera ya Uingereza katika nchi ile ile. Mapema 1920 batalioni hiyo ilipelekwa Somaliland katika vita vya mwisho dhidi ya Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali waliopinga utawala wa Waingereza, vita ambavyo Waingereza walivisifia kwa sababu ya ndege zao 12, ingawa ardhini kazi ya kuziba njia na kuingia ngomeni ilifanywa na kikosi cha ngamia cha Somaliland, wapiganaji wa makabila na askari hao wa batalioni ya 6. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa jinsi ujuzi wa askari ulivyokuwa mali iliyoweza kuhamishwa kutoka kwa mwenye dola mmoja kwenda kwa mwingine bila mwenye ujuzi kuulizwa.

Kuhusu fedha, msomaji wa leo hushangaa akisikia kwamba KAR haikuwa chini ya Wizara ya Vita ya London. Ilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni, na kila koloni lililipia batalioni zake kutoka katika hazina yake. Hazina hiyo ilijazwa kwa kiasi kikubwa na kodi ya kichwa na kodi ya kibanda. Kwa hiyo mkulima wa Songea au wa Machakos ndiye aliyelipia mshahara wa askari, chakula chake, risasi zake, na pia posho ya ofisa wa Kiingereza aliyeazimwa kutoka regimenti ya kwao kwa miaka michache. Kila mavuno yalipoharibika au bei ya mkonge na kahawa ilipoanguka, magavana walitazama upya bajeti ya jeshi, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulipofika huku, batalioni zikazidi kupunguzwa ukubwa.

Tanganyika ilikuwa na kizuizi cha ziada. Udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliothibitishwa Julai 1922, ulimkataza mdhamini, yaani Uingereza, kujenga vituo vya kijeshi vya nchi kavu au vya majini, kujenga ngome, na kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa kazi ya polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Waingereza waliisoma ruhusa hiyo ya mwisho kwa upana wa kutosha kuweka batalioni mbili, lakini hawakuweza kuigeuza Tanganyika kuwa ghala la askari wa kupelekwa popote, angalau si waziwazi.

Nitaendelea na maisha ya askari na mpaka wa kaskazini, ila nakaribisha maswali kwanza.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, asante kwa uzi mzito. Mimi nimezaliwa Nairobi na nimesikia tangu utotoni kwamba Kibera ilikuwa ya askari Wanubi wa KAR. Naomba ueleze kama hilo linaingia katika hoja yako ya akiba, au lilikuwa jambo la ardhi tu.

Mleta uzi

Linaingia moja kwa moja, ndugu yangu, na nashukuru umeliuliza mapema.

Wanubi walikuwa uti wa mgongo wa majeshi ya awali ya Uganda na Afrika Mashariki. Asili yao ni askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, wakaachwa huko baada ya yeye kuondoka, na Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891. Walikuja na wake zao, watoto wao, dini yao ya Kiislamu na vyeo vyao vya Kituruki na Kimisri, ndiyo maana vyeo kama ombasha na shaushi vilisikika katika kambi za huku kwa miongo kadhaa.

Askari wa namna hiyo hakuwa na kijiji cha kurudi. Serikali ikawapa ruhusa ya kukaa na kulima pembeni mwa Nairobi, katika msitu walioupa jina la Kibra, na 1918 eneo hilo la ekari zipatazo 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Aliyetumikia miaka 12 alipewa kibali cha kujenga na kulima bila kulipa kodi ya pango. Hapa akiba haikuwa neno la makaratasi: serikali ilikuwa na askari waliozoea nidhamu, wenye watoto wa kiume waliokulia kwenye sauti ya tarumbeta, wanaokaa mwendo mfupi kutoka kambini na wanaojitafutia chakula chao wenyewe. Kwa mhasibu wa koloni huo ulikuwa mpango mzuri ajabu.

Tatizo ni kwamba kibali hakikuwa hati. Mwaka 1928 jeshi likajitoa katika usimamizi na eneo likahamishiwa kwa utawala wa kiraia, ambao tayari ulikuwa umeanza kuiona ardhi hiyo kuwa ya thamani kwa mji unaokua. Wakati huo huo KAR ilikuwa imebadili mahali pa kutafutia makuruta, ikiwachukua Wakamba, Wanandi, Waacholi na wengine, na mahitaji ya Wanubi yakapungua. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter katika miaka ya 1930 ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu kwa wazee waliotumikia, lakini ikawahesabu kuwa wapangaji wanaokaa kwa hisani ya Taji. Kwa maneno mengine, baba alikuwa na haki ya kuzikwa hapo, na mtoto hakuwa na haki ya kurithi. Jambo hilo halikumalizwa hadi Juni 2017, jumuiya ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Linganisha 288 na 4,197, utaona akiba ile ilivyothaminiwa ilipokwisha kutumika.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, naomba niongeze jambo ambalo wanahistoria wa vita hulipuuza. Ukitaka kujua askari wa KAR walikwenda wapi baada ya 1919, zifuate ngoma. Beni ilikuwapo tangu miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, lakini vita ndivyo vilivyoisambaza bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Katika miji ya Tanganyika ya miaka ya 1920 kulikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vinavyoshindana, vyenye vyeo vya Kingi na Jenerali, vyenye gwaride, sare zilizopigwa pasi na ngoma za kuiga bendi ya jeshi. Askari wa Nyasaland waliporudi kwao, beni ilikwenda nao hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na kutoka humo zikaota ngoma za mganda na malipenga.

Nasema hivi kwa sababu vyama hivyo vilikuwa vinasaidiana katika misiba, magonjwa na mapokezi ya wageni. Mtu aliyeachishwa Tabora, akiingia Dar es Salaam bila ndugu, alijua aende nyumba gani. Kama mleta uzi anatafuta orodha ya askari wa akiba, vyama vya beni vilikuwa nayo kabla ya serikali.

Mleta uzi

Hoja ya mchangiaji wa tatu naipokea kwa mikono miwili, na ninaongeza kwamba maofisa walizitazama Marini na Arinoti kwa wasiwasi kwa sababu hiyo hiyo: watu walioweza kujipanga kwa vyeo, kutoka mji hadi mji, bila Mzungu kuwaamuru, walikuwa wamejifunza jambo ambalo gwaride halikukusudia kuwafundisha.

Sasa niingie kambini. Askari wa KAR wa miaka ya 1920 na 1930 alivaa shati na kaptula ya kaki, na siku ya gwaride kubwa tarabushi nyekundu. Miguuni mara nyingi hakuvaa kitu, au alivaa viatu vya wazi vya ngozi. Buti lilikuwa jambo la baadaye. Alikuwa na bunduki ya Lee-Enfield ya .303, na kombania zake zilisaidiwa na bunduki za Lewis na bombomu chache. Mizinga haikuwapo, wala magari ya kivita. Alikaa katika safu za nyumba pamoja na mke wake na watoto, kwa kuwa desturi iliyoanzia kwa Wanubi ya familia kuishi kambini iliendelea, na ofisa mwenye akili alijua kwamba ugomvi kati ya wanawake kisimani unaweza kuharibu kombania kuliko adui. Kuna maofisa walioshinda mitihani ya Kiswahili na kuishia hapo, na kuna wachache waliokijua kweli. George Giffard, aliyewahi kuongoza askari wa batalioni ya 2 katika vita vya kwanza na baadaye katika miaka ya 1930 akawa mkaguzi mkuu wa majeshi ya Afrika, alikuwa wa kundi hilo la pili, na ujuzi huo ulimpa heshima kwa askari ambayo cheo peke yake hakingempa.

Cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia askari Mwafrika kilikuwa sajini meja wa regimenti. Hakuna Mwafrika aliyepewa kamisheni katika KAR miaka hiyo yote. Mtu angeweza kutumikia miaka 18, akawafundisha kazi maluteni kumi waliotoka Uingereza wakiwa hawajui hata kupanga kambi porini, na bado angempigia saluti yule wa kumi na moja siku aliyoshuka melini.

Kazi yenyewe, mbali na gwaride, ilikuwa mipakani, hasa kaskazini mwa Kenya. Wajir, Moyale, Mandera, Marsabit na Lodwar vilikuwa vituo ambako kombania ilikaa miezi mingi mbali na barabara. Upande wa Turkana jeshi lilishika utawala wenyewe hadi katikati ya miaka ya 1920, na mashariki mpaka ulisogea 1925 Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland, malipo ya kuiunga mkono katika vita. Doria ya huko iliamuliwa na maji. Ngamia walibeba mapipa ya bati, kisima kinachofuata kilijulikana kwa jina na kwa ladha ya chumvi yake, na mwendo ulianza kabla ya alfajiri ili jua la saa sita liwakute askari wamekwisha kupumzika. Adui alikuwa wavamizi wa mifugo na wawindaji wa pembe za ndovu kutoka upande wa Uhabeshi, ambao mara nyingi walikuwa na bunduki nzuri. Risasi zilizopigwa katika doria nyingi zilikuwa chache, ila mafunzo yalikuwa makubwa: koplo aliyeongoza watu wanane siku tano bila ofisa alijifunza kupima njia, kugawa maji, kutuma mtu mbele na kuamua mwenyewe. Maofisa wa Uingereza waliosoma vita vya mahandaki ya Ufaransa hawakuwa na ujuzi huo, na 1940 ulihitajika mno.

Mchangiaji wa nne

Mleta uzi, kwa heshima zote, naona unawapamba. KAR ilikuwa fimbo ya mkoloni. Doria unazozisifia zilichoma manyata na kuchukua ng'ombe wa Waturkana. Askari mwenyewe alijiandikisha kwa hiari, akala mshahara wa kodi uliyoitaja, akamchapa aliyeilipa. Kwa nini tumhesabu kuwa aliyedhulumiwa?

Mleta uzi

Ndugu, unayoyasema kuhusu ng'ombe na manyata ni kweli na siyapunguzi. Adhabu ya pamoja, ya kukamata mifugo ya ukoo mzima kwa kosa la wachache, ilikuwa njia ya kawaida ya utawala, na walioitekeleza walikuwa askari hawa. Ninachokataa ni kwamba mtu akishakuwa fimbo basi hawezi pia kuwa aliyedhulumiwa. Hiari yenyewe ilikuwa na mipaka: mwenye kodi ya kulipa na asiye na zao la kuuza alikuwa na njia tatu, shamba la mlowezi, mgodi, au kambi, na kambi ndiyo iliyompa heshima kwao.

Tena askari hakukatwa kitovu na kijiji chake kwa sababu amevaa kaki. Mfano mzuri ni Ukambani 1938. Serikali ya Kenya iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikidai ardhi inachakaa, na ng'ombe waliokamatwa wakauzwa kwa bei ya kutupa. Wakati huo Wakamba walikuwa sehemu kubwa sana ya askari wa KAR na polisi wa Kenya. Julai ya mwaka huo umati wa wanaume, wanawake na watoto uliondoka Machakos ukaenda Nairobi kwa ajili ya kuonana na gavana, ukapiga kambi Kariokor, mahali penye jina la wapagazi wa vita, na ukakaa hapo kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha mauzo ya nguvu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na mojawapo iliyowakosesha usingizi ilikuwa swali rahisi: tukiendelea kuchukua ng'ombe wa baba, je, mtoto aliye na bunduki yetu Moyale atafanya nini? Waitalia walikuwa wamekwisha kuwa upande wa pili wa mpaka, na askari Mkamba alikuwa na nguvu kwa baba yake kuliko mjumbe yeyote wa baraza.

Mchangiaji wa pili

Hapo umenifungua macho. Sasa tueleze KAR ilipangwa lini katika brigedi, yaani makundi ya batalioni kadhaa, na kama kulikuwa na akiba rasmi, ilikuwa ya nani.

Mleta uzi

Nimalizie na hilo.

Hadi katikati ya miaka ya 1930 hakuna aliyetarajia KAR ipigane na jeshi la Ulaya. Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia iliivamia Uhabeshi, na tarehe 5 Mei 1936 ikaingia Addis Ababa. Tangu hapo mpaka wa Kenya, ambao ulikuwa wa kuzuia wezi wa ngamia, ukawa mpaka na jeshi lenye ndege na mizinga. Wakimbizi na askari waliotoroka jeshi la Italia, wakiwamo Waeritrea, walimiminika upande wa Kenya na kuwekwa kambini Isiolo. Kusini, Hitler alikuwa akidai kurudishiwa makoloni, na Tanganyika ilikuwa na walowezi wengi wa Kijerumani ambao baadhi yao hawakuficha walikoelekea.

Akiba iliyoandaliwa kwa sheria na kwa bajeti ilikuwa kwanza ya Wazungu. Kenya ilikuwa na Jeshi la Ulinzi la walowezi, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa uandikishaji wa lazima; halikupendwa na waliolazimishwa na likafutwa katika miaka ya 1930. Mahali pake, tarehe 1 Juni 1937, ikaundwa Kenya Regiment, kikosi cha akiba cha vijana wa Kizungu waliojitolea, chini ya Luteni Kanali Dunstan-Adams. Kazi yake halisi ilikuwa kuandaa watu wa kuwa maofisa na masajini wa KAR siku vita vitakapokuja. Kwa upande wa Waafrika akiba ilikuwa majina ya waliomaliza mikataba, waliotakiwa kuitika wakiitwa. Tofauti ya mipango hiyo miwili inajieleza yenyewe: kijana wa mlowezi alifundishwa mapema ili aje kuongoza, na sajini mwenye doria za miaka 15 aliandikwa ili aje kuongozwa naye.

Kufikia 1938 batalioni sita zilikuwa zimepangwa katika brigedi mbili, ya Kaskazini kwa Kenya na Uganda, na ya Kusini kwa Tanganyika na Nyasaland. Brigedi zote mbili kwa pamoja zilikuwa na maofisa 94, masajini Wazungu 60 na askari 2,821. Gawanya kwa sita: batalioni haikufika watu 500. Ukiweka ramani mezani, askari 2,821 walitakiwa kulinda nchi kutoka Nyasaland hadi milima ya mpaka wa Uhabeshi. Kwenye makaratasi zilikuwa brigedi mbili. Kwa watu zilikuwa pungufu ya moja.

Septemba 1939 Wizara ya Vita ikachukua jukumu kutoka Wizara ya Makoloni, na Meja Jenerali Dickinson akawa mkuu wa majeshi ya Afrika Mashariki. Tanganyika, wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini mara moja. Wazee wa akiba wakaitwa, na makuruta wapya wakaletwa mbele yao. Machi 1940, miezi sita tu baadaye, KAR ilikuwa na maofisa 883, masajini Wazungu 1,374 na askari 20,026. Fikirini kazi iliyojificha nyuma ya tarakimu hiyo. Kwa kila askari mmoja wa 1938 walikuwapo saba, na wale sita wapya walipaswa kufundishwa kulenga, kutembea, kulala porini na kutii amri, kwa lugha ambayo maofisa wengi wapya hawakuijua bado. Waliofanya kazi hiyo ni makoplo na masajini wa doria za Wajir na Lodwar, pamoja na wazee waliorudi kutoka vijijini. Batalioni ziligawanywa: sehemu ya wazoefu ilibaki, sehemu ikahamishwa kuanzisha batalioni mpya, na ndiyo sababu vitabu vya vita vinataja 1/6 na 2/6, yaani ya kwanza na ya pili zilizotokana na batalioni ya 6, na kuendelea.

Julai 1940 kombania ya batalioni ya 1, watu wa Nyasaland, ilizingirwa na Waitalia katika ngome ya Moyale, ikashikilia kwa siku kadhaa chini ya mizinga, kisha usiku wa kuamkia tarehe 15 ikatoka kimya kimya kupitia katikati ya mistari ya adui. Brigedi mbili za 1938 zilikuwa zinaongezwa na baadaye zikapewa namba 21 na 22, na hiyo ya 22, yenye askari wa batalioni za 1, 5 na 6, ilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941.

Kuhusu malipo, ambayo mchangiaji wa nne aliyagusa: askari aliyemaliza muda wake kabla ya 1939 kwa kawaida aliondoka na kiinua mgongo cha mara moja, hakuwa na pensheni ya kila mwezi. Wapagazi wa vita vya kwanza ambao mishahara yao ilibaki bila kudaiwa, wengi kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa, hawakulipiwa hata familia zao. Makoloni yaliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya wenyeji, na Hazina ya London ikakataa. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam 1927, na Nairobi na Mombasa mwaka uliofuata, zilikuwa zimekwisha kulipiwa na kuzinduliwa wakati ubishi huo ukiendelea.